Zege la nyumba linapopasuka, kuvuja na kutoa kutu: soma dalili kabla ya kukoroga simiti

Julai fundi anapanda ngazi, anabandua plasta iliyovimba chini ya slabu, anapiga simiti mpya na rangi juu yake. Vuli ikifika, doa lile lile la rangi ya kutu limerudi, sasa lina upana wa sinia. Mchanganyiko haukuwa na kasoro. Kilichokosekana ni maswali mawili kabla ya karai kuguswa: maji yanatoka wapi, na chuma kilicho ndani kina hali gani?

Wakazi wengi wa Nairobi wana nyumba mbili za kuangalia: ya hapa mjini, labda Buruburu, Umoja au South C, na nyingine ya familia kule Kisauni, Kilifi au Malindi. Dalili zinafanana kama mapacha, lakini ugonjwa si mmoja. Zege jipya ni kali kama magadi, pH yake, yaani kipimo cha ukali huo, ni kati ya 12.5 na 13, na katika hali hiyo chuma hujivika utando mwembamba unaokikinga na kutu. Hapa Nairobi utando huo huondolewa zaidi na hewa: kaboni dayoksaidi huingia polepole kwenye vinyweleo vya zege na kushusha pH hadi chini ya 9. Pwani kuna adui wa pili, chumvi ya bahari, ambayo hutoboa utando hata zege likiwa bado kali. Kwa njia yoyote ile, kutu ikianza hudai nafasi mara 2 hadi 6 ya ile iliyokuwa ya chuma. Zege halivutiki, kwa hiyo linapasuka. Sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya nyumba za Nairobi. Ya Pwani yako mwishoni.

Anza kwa kugonga, kisha angalia saa

Chukua nyundo ndogo, chaki na tochi. Gonga slabu, bimu na nguzo kila baada ya sentimita 15 hivi. Zege zima hulia kwa ukali na nyundo hukurudishia mkono. Lililoachana hulia kama debe tupu. Zungushia chaki kila mahali penye mlio wa debe, hata kama rangi juu yake ni safi. Mara nyingi eneo lililoachana ni kubwa kuliko doa unaloliona, na hapo ndipo makadirio ya kazi hubadilika. Fundi anayekutajia bei kabla ya kugonga anakisia tu.

Kwa maji, muulize aliye nyumbani ni wakati gani yanaonekana. Yakidondoka usiku na mchana, mvua au jua, shuku bomba lenye presha: funga mifereji yote usiku, andika namba ya mita ya maji, uisome tena asubuhi kabla mtu hajaoga. Ikiwa imesogea, bomba linavuja. Yakionekana saa moja baada ya watu kuoga ghorofa ya juu, shuku bomba la maji machafu au viungo vya vigae vya bafuni. Mwaga ndoo ya maji yaliyotiwa rangi ya chakula sakafuni kule juu, kisha ngoja chini na kitambaa cheupe. Yakija na mvua pekee, ni paa au ukuta wa nje. Na ukiona matone asubuhi za Julai tu, kwenye kona ya chumba kisichofunguliwa madirisha, huenda ni mvuke wa jikoni na pumzi za watu unaogeuka maji kwenye zege baridi. Huo hauhitaji simiti, unahitaji hewa.

Nyufa: soma mwelekeo wake

Nyufa nyembamba kama nywele, zilizosambaa kwenye plasta kama ramani au kama tope la bwawa lililokauka, ni za plasta pekee. Ilipigwa ikiwa na simiti nyingi mno au ilikaushwa na jua siku ya kwanza. Haziangushi nyumba. Zisugue, zipakwe rangi inayonyumbulika, yaishe.

Ufa ulionyooka chini ya bimu au slabu, unaofuata mstari wa chuma, hasa ukiwa na doa la hudhurungi, ni kutu. Hamia sehemu inayofuata.

Ufa wa mshazari unaotoka kona ya dirisha, au unaopanda ngazi kwa ngazi kwenye viungo vya mawe, unasema msingi unasogea. Embakasi, Syokimau na Kitengela, mahali penye udongo mweusi wa pamba, hii ndiyo dalili ya kwanza kutafuta. Udongo huo huvimba ukinywa maji na kunywea ukikauka. Kwa hiyo ufa hupanuka Februari na Septemba na kujibana katikati ya masika. Ukiujaza simiti Februari, masika ikija ukuta unataka kurudi mahali pake na kukuta kabari. Ufa mwingine unazaliwa kando.

Ufa wa namna hii usiuzibe kabla ya kuupima. Chora mstari wa penseli ukikatiza ufa mahali patatu, andika tarehe na upana kwa milimita, na ubandike kipande chembamba cha kioo kwa simiti kwenye plasta iliyosuguliwa. Kioo kikivunjika, ukuta bado unasogea. Soma vipimo kila mwezi, upite angalau kiangazi kimoja na msimu mmoja wa mvua. Ufa usiobadilika umekufa: uchimbe, ushone kwa wavu unaopita sentimita 15 kila upande, kisha upige plasta. Unaofunguka na kufunga uko hai: uchimbe mfereji wa milimita 10 kwa 10 na uujaze silanti ya poliyurethani, yaani gundi ya kuzibia inayonyumbulika, si simiti.

Ila dawa yenyewe iko nje, chini. Lengo ni kuufanya udongo ulio karibu na msingi ubaki na unyevu ule ule mwaka mzima. Jenga kibaraza cha zege kuzunguka nyumba, upana mita 1, kikiinama kutoka ukutani kwa milimita 25 hadi 50 kwa kila mita. Bomba la tangi linalomwaga maji yakifurika lisiishie ukutani. Rekebisha chemba zinazovuja. Mkalitusi ulio mita 3 kutoka nyumbani hunywa maji ya udongo wote huo wakati wa kiangazi. Miti ya aina hiyo ikae mbali angalau sawa na urefu itakaofikia.

Milango iliyoanza kukwama yote kwa wiki moja, ufa unaoweza kuingiza sarafu ambao juzi haukuwapo, mlio wa kupasuka usiku, nguzo yenye ufa wa wima na vipande vinavyodondoka: hapo hakuna la kupima. Watu watoke na mhandisi aje. Jengo la Huruma lililoanguka usiku wa Aprili 29, 2016 na kuua watu 52 lilianguka katikati ya mvua kubwa. Msimu wa mvua si wakati wa kungoja uone. Mhandisi awe amesajiliwa na Bodi ya Wahandisi Kenya, na mkandarasi awe na usajili wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Zote mbili unaweza kuzithibitisha kabla ya kulipa.

Kutu chini ya slabu na bimu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Ondoa zege lililolegea mpaka uone chuma, kisha pima unene wa zege lililokuwa limekifunika. Kwa bimu na slabu za nje, milimita 25 ni kiwango cha chini cha busara. Kwenye nyumba za zamani utakuta 10, wakati mwingine 5, kwa sababu siku ya kumwaga zege hapakuwa na vile vipande vya kuinulia chuma ambavyo mafundi huviita biskuti, au vilikuwepo na wabeba karai wakavikanyaga. Hewa ya kaboni haiendi kwa kasi moja: ikitaka kufika mara mbili ya kina, inahitaji mara nne ya muda. Zege ambalo hewa ililiingia milimita 10 katika miaka 10 ya kwanza litakuwa limeingiwa milimita 20 likiwa na miaka 40. Nyumba ya miaka ya 1970 yenye biskuti za milimita 25 huenda bado inajitetea. Jirani yake yenye milimita 10 ilianza kuoza zamani.

Kipimo cha kuthibitisha ni rahisi. Fenolfthaleini, ile dawa ambayo wanafunzi wa kemia huitumia kwenye asidi na besi, hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Tumia myeyusho wa asilimia 1 kwenye spiriti. Vunja kipande kipya kwa tindo, puliza vumbi, nyunyiza. Palipobaki na ukali panageuka waridi iliyokolea papo hapo. Palipoliwa na hewa hapabadiliki rangi. Pima kwa rula kutoka uso wa nje hadi waridi inapoanzia. Ikiwa chuma kimo ndani ya sehemu isiyobadilika, umepata chanzo. Ikiwa chuma kimezungukwa na waridi na bado kina kutu, shuku chumvi, au ufa unaopitisha maji moja kwa moja. Usinyunyize kwenye uso uliokatwa kwa grinda. Vumbi la simiti la ndani husambaa na kukudanganya.

Kabla ya kuchimba zaidi, egemeza. Bimu au slabu isimamishwe kwa propu za chuma au miti iliyonyooka ya blugamu, chini ya kila mguu pawe na ubao mpana, na mizigo ya juu iondolewe. Unapochimba nyuma ya chuma unaondoa mshiko wake, na kwa muda ule bimu haina nguvu uliyoizoea. Vaa miwani na barakoa ya vumbi. Vumbi la zege huharibu mapafu.

Kata ukingo wa eneo kwa grinda, ukinyoosha pande kuwa za mraba, kina milimita 10, bila kugusa chuma. Ukingo uliochongwa kuisha taratibu kama ncha ya kisu hautashika. Kiraka chake kitaanza kubanduka hapo hapo. Chimba kwa tindo hadi upate nafasi ya milimita 20 nyuma ya chuma, vidole vipite, na uendelee kukifuata chuma mpaka sentimita 5 ndani ya sehemu isiyo na kutu. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Chuma kikisafishwa uso wa mbele tu, kutu ya nyuma inaendelea na kazi na kukisukuma kiraka nje.

Sugua chuma kwa brashi ya waya, ya mashine ikiwezekana, mpaka king'ae pande zote. Kisha pima kipenyo kwa kalipa mahali kilipoliwa zaidi. Chuma cha milimita 12 kilichobaki 11 kimepoteza kama asilimia 16 ya nguvu. Kilichobaki 10 kimepoteza asilimia 31. Ikipita asilimia 10 muulize mhandisi; ikifika 20 karibu kila mara atataka kiongezwe chuma kipya, kilichopandana na kizima kwa urefu wa mara 40 hadi 50 ya kipenyo, yaani sentimita 48 hadi 60 kwa cha milimita 12. Nafasi ya kupandana inamaanisha kuchimba zaidi. Hakuna njia ya mkato.

Paka chuma kinga siku hiyo hiyo, kabla umande wa usiku haujakirudishia kutu: primia (rangi ya kwanza) yenye zinki, au uji wa simiti na lateksi ya SBR (maji ya mpira ya kuchanganyia simiti), makoti mawili. Primia ya zinki isimwagike kwenye zege, itazuia kiraka kushika.

Sasa lowesha. Zege kavu hunyonya maji ya kiraka na kukiacha unga. Nyunyiza usiku kucha au angalau saa kadhaa, kisha kabla ya kuweka kiraka acha uso uwe na unyevu lakini usiwe na maji yanayong'aa. Pigia uji wa kushikisha: lateksi sehemu 1, maji sehemu 1, na simiti mpaka uwe mzito kama rangi ya mafuta. Kiraka kiwekwe uji ungali unanata. Ukichelewa ukauke, hugeuka kuwa ngozi ya plastiki inayotenganisha badala ya kuunganisha. Ukwangue, upake upya. Usipake eneo kubwa kuliko unaloweza kulijaza kwa robo saa.

Mchanganyiko wa shimo la sentimita 50 kwa 40, kina sentimita 5, ni kama lita 10. Utahitaji kilo 5 za simiti ya 42.5 (namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye mfuko), kilo 15 za mchanga safi wa mto, lita 1 ya lateksi ya SBR na maji kama lita 1, ukiongeza kidogo kidogo kulingana na unyevu wa mchanga. Simiti ya 32.5 ni nzuri kwa plasta, kiraka cha bimu hakistahili kuipata. Angalia mfuko una alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na haujaganda pembeni. Mchanga ukishindiliwa kiganjani na kuachia tope la kahawia una udongo mwingi. Uoshwe au ubadilishwe. Mchanganyiko ukiwa sawa, ukiufinya hubaki kama tonge na hauachi maji mkononi. Fundi atataka kuongeza maji ili mwiko uteleze. Mkatalie, maana maji ya ziada huacha vinyweleo ambavyo hewa ya kaboni itapitia tena.

Shindilia kwanza nyuma ya chuma kwa vidole vyenye glavu, kisha jaza. Juu ya kichwa, tabaka lisizidi milimita 20 hadi 25. Likwaruze, lisubiri lishike, upake uji tena, uweke jingine. Shimo lenye kina kikubwa zaidi lipigiwe fomu ya mbao na kujazwa zege lenye kokoto ndogo za milimita 10.

Namna ya kukomaza hutegemea mchanganyiko, na wengi hukosea hapa. Simiti ya kawaida inataka maji siku 7 mfululizo chini ya magunia yaliyoloweshwa. Yenye lateksi inataka plastiki au unyevu siku 1 hadi 2 tu, halafu iachwe ikauke, kwa sababu lateksi hutengeneza utando wake inapokauka. Rangi ya mafuta isubiri siku 28.

Roshani

Roshani iliyochomoza bila nguzo mbele hubebwa na chuma kilicho juu, karibu na sakafu unayoikanyaga, kinyume na slabu ya kawaida ambayo chuma chake kikuu kiko chini. Kwa hiyo kutu inayoonekana chini si lazima iwe ya kuogofya zaidi. Cha kuogofya ni ufa ulio juu, sambamba na ukuta wa nyumba, mahali roshani inapoingia ndani, mara nyingi umefichwa na vigae. Maji ya kuoshea nguo huingia hapo kila siku.

Mwaga kikombe cha maji sakafuni. Yakirudi ukutani badala ya kwenda mbele kwenye tundu, mteremko ni mbaya. Roshani iliyoinama mbele kuliko za majirani zake kwenye jengo lile lile ni hatari ya leo: watu, vyungu vya maua, mitungi ya maji, vyote vitoke, propu ziwekwe kutoka chini ghorofa kwa ghorofa hadi ardhini, mhandisi aitwe. Usimruhusu mtu achimbe juu ya roshani isiyoegemezwa, hata kwa kubadilisha vigae tu. Tindo ikikata chuma cha juu hakuna kingine kinachoishikilia.

Slabu ya paa

Paa bapa za ghorofa zetu hubeba mambo mengi: kamba za nguo, matangi, madishi ya televisheni. Kila boliti iliyotobolewa sakafuni ni mlango wa maji. Kabla ya kununua dawa ya kuzuia maji, panda juu baada ya mvua na uzungushie chaki kila dimbwi lililobaki saa 24 baadaye. Dimbwi na doa la ndani huenda yasikutane. Maji husafiri ndani ya skridi, lile tabaka la simiti lililo juu ya slabu, mita kadhaa kabla ya kupata ufa wa kushukia. Angalia tundu la kutolea maji, kisha mahali slabu inapokutana na ukuta mfupi wa ukingo. Hapo ndipo panapofunguka kwanza, kwa sababu slabu hupanuka mchana na kunywea usiku.

Ukitaka kuthibitisha, ziba tundu na ujaze maji ya kina cha milimita 25 kwa saa 24 hadi 48. Huo ni uzito wa kilo 25 kwa kila mita ya mraba, kilo 750 kwa paa la mita za mraba 30. Slabu iliyolegea katikati au yenye chuma kilichotoka nje isijazwe kamwe. Na tangi la lita 10,000 ni tani 10. Mahali pake ni juu ya kuta au nguzo, si katikati ya chumba cha mtu.

Mteremko unaofaa ni 1 kwa 80, yaani milimita 63 kwa mita 5. Ikiwa lazima uongeze skridi nene, uzito wake uidhinishwe kwanza. Membreni ya lami, yaani shuka la kuzuia maji, ya milimita 4 inayochomwa kwa gesi hudumu ikiwekwa juu ya zege kavu, viungo vikipandana milimita 100, ikipanda ukutani milimita 150 na kuingizwa kwenye mfereji uliochongwa. Anza upande wa chini karibu na tundu ukipanda juu, ili kila kipande kimfunike mwenzake kama magamba ya samaki. Kabla ya kuiweka, pima ukavu: bandika plastiki ya nusu mita juu ya zege kwa tepu pande zote. Kesho yake ikiwa na matone chini, zege bado lina maji, na membreni itavimba mapovu jua likiwaka. Nairobi mwezi mzuri wa kazi hii ni Januari au Februari. Juni na Julai mvua ni chache lakini mawingu na manyunyu huzuia slabu kukauka.

Ukuta unaolowa chini, na sakafu ya vumbi

Doa la maji linaloanzia sakafuni na kuishia chini ya mita 1, likiwa na unga mweupe kwenye ukingo wake wa juu, ni maji ya ardhini yanayopanda. Mawe ya Ndarugu hunyonya maji kama sukari guru ndani ya chai. Toka nje kwanza. Ardhi inapaswa kuwa angalau milimita 150 chini ya karatasi ya kuzuia unyevu iliyo juu ya msingi, lakini miaka ya kumwaga kokoto, kabro na udongo wa maua imeufukia mstari huo. Kuchimbua ardhi hiyo, kufunga gata na kujenga kibaraza hutibu kuta nyingi bila dawa yoyote. Kama karatasi haikuwekwa kabisa, toboa mashimo ya milimita 12 kwenye kiungo cha simiti cha chini, yakipishana milimita 100 hadi 120, na uyajaze krimu ya silani, dawa inayofukuza maji.

Chokonoa plasta iliyolowa hadi sentimita 30 juu ya doa. Unga mweupe uondolewe kwa brashi kavu. Ukiuosha unairudisha chumvi ndani. Kisha subiri. Kadirio la kawaida ni mwezi 1 kwa kila milimita 25 za unene. Anayepaka rangi ya mafuta au kubandika vigae ili kuficha anayapandisha maji juu zaidi, kwa kuwa ameyanyima mlango wa kutokea.

Sakafu inayotoa vumbi jeupe kila ikifagiwa ilimwagwa na maji mengi. Ikiwa msumari unakwaruza juu tu, kigumishi cha silikati ya sodiamu kinatosha. Ukizama milimita kadhaa, skridi itolewe.

Nyumba ya Pwani

Ukienda na utaratibu wa Nairobi peke yake, utafeli. Chumvi haionekani kwa fenolfthaleini. Zege linaweza kugeuka waridi zuri na chuma kinaliwa kwa vishimo virefu vyembamba, bila kuvimba sana, kikikatika kabla zege halijapasuka vizuri. Toboa unga wa zege kwa kina cha milimita 0 hadi 20, 20 hadi 40 na 40 hadi 60, kila kimoja kwenye mfuko wake ulioandikwa, uupeleke maabara. Kloraidi ikizidi takribani asilimia 0.4 ya uzito wa simiti kwenye kina cha chuma, hatari ni kubwa. Kiwango kikiwa juu nje na kupungua ndani, chumvi ililetwa na upepo wa bahari. Kikiwa sawa kote, nyumba ilijengwa kwa mchanga au maji ya bahari, na hapo kiraka ni cha kununua muda tu.

Kiraka kizuri cha Pwani kina hila yake. Chuma kilichokuwa kinaoza kilikuwa kinawalinda wenzake wa jirani kwa kuliwa badala yao. Ukikifunika kwa simiti safi, kutu huhamia ukingoni, na baada ya miaka michache kiraka kizima kimezungukwa na pete ya nyufa. Kwa hiyo funga anodi za zinki, vipande vinavyoliwa badala ya chuma, kwenye chuma kando ya ukingo wa shimo kabla ya kujaza, na usipake primia inayotenganisha umeme mahali zinapofungwa wala kutumia kiraka kisichopitisha umeme kabisa. Unene wa zege juu ya chuma uwe milimita 50.

Kuta za kale za mawe ya matumbawe na chokaa zisipigwe plasta ngumu ya simiti. Ukuta huo hupumua. Simiti hufungia unyevu na chumvi ndani mpaka jiwe linageuka unga. Tumia chokaa sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3.

Na mchanga wenyewe upime kabla lori halijamwaga. Tikisa konzi moja kwenye chupa yenye maji ya betri (yale safi ya kuongezea, si asidi), acha utulie, chuja maji kwenye glasi safi. Tia matone 2 ya asidi nyepesi ya nitriki ili chembe za matumbawe zisikudanganye, kisha matone machache ya nitrati ya fedha, ukivaa glavu kwa sababu huacha madoa meusi mikononi. Maji yakibaki safi au na ukungu hafifu, mchanga unafaa. Yakigeuka meupe kama maziwa, lori lirudi lilikotoka. Maji ya mfereji yasitumike kwa kipimo hiki, yana kloraidi yake.